Tai Hajing'oi Mdomo: Mwongozo wa Kuanza Upya Bila Kujivunja

Hadithi ya tai unaijua. Akifika miaka arobaini, mdomo umempinda, kucha zimelegea, manyoya yamekuwa mazito. Basi anapanda mlimani peke yake, anaugonga mdomo mwambani mpaka unang'oka. Ukiota mwingine anautumia kung'olea kucha, kucha mpya zikiota anang'olea manyoya, na baada ya siku 150 anashuka akiwa kijana, na miaka 30 mingine mbele yake. Nimeisikia kwenye semina, kwenye mahafali, hata kwenye harusi, na kila mara kuna mtu pembeni anayetikisa kichwa kwa kukubali.

Ni uongo. Tai asiye na mdomo hali, na asiyekula hafiki hizo siku 150. Mdomo na kucha zake vimefunikwa kwa keratini, dutu ileile ya kucha zetu, na vinaota maisha yake yote huku vikisagika kwa kazi. Manyoya anayabadilisha kweli, ila machache kwa wakati, huku akiendelea kuruka na kuwinda. Kwa tai wakubwa, kuyamaliza yale ya mabawa huchukua zaidi ya mwaka.

Ningeiacha hadithi ijipitie kama isingenigharimu. Kuna Januari moja niliamua kufanya kama tai. Nikajitoa kwenye makundi yote ya simu, nikaanza kuamka saa kumi alfajiri, kukimbia, kusoma kitabu kizima kila wiki, kujifunza lugha mpya, na kutokasirika. Yote kuanzia tarehe mosi. Tarehe 19 nilikuwa nimesharudi nilikotoka, na aibu juu yake.

Mwongozo huu ni wa njia ile nyingine, ambayo viumbe wanaitumia kweli. Hatua tatu za mwanzo usiziruke. Mtu ambaye bado haoni vizuri akianza kutupa vitu, hutupa na vya maana.

Hatua ya 1: Acha maji yatulie

Chukua chupa au bilauri inayoonyesha ndani. Weka konzi ya udongo wa kawaida, jaza maji, koroga kwa nguvu, kisha iweke mahali ambapo hakuna atakayeigusa. Sifanyi mzaha, fanya kwa mkono wako. Mchanga utafika chini kabla hujamaliza kunawa. Vumbi laini litafuata taratibu, kwa dakika na kwa saa. Lakini kesho asubuhi ukiitazama, maji bado yatakuwa na ukungu. Huo ni mfinyanzi: chembe ndogo mno, nyepesi mno kuzama upesi, na juu ya hapo zimebeba chaji ya umeme ya aina moja, kwa hiyo zinafukuzana. Kila moja inaelea kivyake.

Sasa kaa wewe. Dakika 20, simu ikiwa chumba kingine, kalamu na karatasi mkononi. Usijaribu kutofikiri, maana huko ni kukoroga kwa jina lingine. Kitabu, redio, hata ule muziki wa kutuliza, hapa vyote ni mwiko, kwa maana zote mbili za neno.

Cha kwanza kushuka kitakuwa mchanga: kulipa bili, kumjibu fulani, soli ya kiatu iliyobanduka. Andika, viache vilale kwenye karatasi. Vikiisha utahisi umemaliza na utatamani kuinuka. Usiinuke. Vumbi laini linakuja nyuma yake: mazungumzo ya juzi yaliyokukera, ahadi uliyoitoa huku unajua huitaki. Na chini kabisa ya yote hayo kuna ukungu usio na umbo, ambao hata ukikaa saa nzima hautatulia.

Huo una dawa yake. Wanaosafisha maji ya kunywa hawasubiri mfinyanzi uzame wenyewe. Wanatia shabu, au mbegu za mlonge zilizosagwa. Vyote viwili huleta chaji ya upande wa pili, chembe zinaacha kufukuzana, zinashikamana kuwa madonge, na madonge yanazama. Kwa akili, shabu ni sentensi moja kamili, iliyoandikwa au kuambiwa mtu. Sentensi, si neno. Kwa miezi nilibeba kitu nilichokuwa nakiita "uchovu". Nilipokilazimisha kiwe sentensi, kikatoka hivi: "Naogopa kumwambia kaka yangu kwamba siwezi tena kumsaidia kulipa ule mkopo." Pale pale kikawa donge. Kina mwenyewe, kina kiasi, na unaweza kukipangia siku ya kukisema. Uchovu hauna siku ya kusemwa.

Fanya hivi kila siku kwa wiki moja kabla ya kubadilisha chochote maishani. Najua wiki ni ndefu kwa mtu aliyekwisha kupandwa na hamasa. Hamasa nayo ni aina ya kukoroga.

Hatua ya 2: Tembea penye miti, bila kazi

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliwapa watu kazi ya kuchosha: kusikiliza mfuatano wa tarakimu na kuurudia kinyumenyume. Kisha wakawatuma watembee kwa muda unaokaribia saa moja, ama katika bustani ya miti, ama katika barabara za mjini zenye magari. Wiki nyingine wakabadilishana njia. Waliorudi kutoka kwenye miti walifanya vizuri zaidi kwenye tarakimu zao. Waliorudi kutoka mjini hawakupata nafuu ya maana.

Maelezo yake yametokana na kazi ya Rachel na Stephen Kaplan wa chuo hichohicho, nayo ni rahisi kuyaelewa kwa mtu yeyote aliyewahi kuvuka barabara kubwa. Kuna umakini wa kujilazimisha, ule wa kusoma mkataba au kukwepa pikipiki, na huo huchoka kama msuli. Na kuna kuvutwa kidogokidogo na kitu kisichokudai jibu: majani yanayotikisika, siafu wanaovuka njia, kivuli kinachosogea. Wakati wa pili unafanya kazi, wa kwanza unapumzika. Ndiyo maana kulala kitandani na simu hakupumzishi, maana simu inadai jibu kila sekunde.

Kitu kimoja katika utafiti ule ndicho kilichonishawishi. Baadhi walitembea wakati wa baridi kali na hawakufurahia kama wale wa majira ya joto, lakini nao walipata nafuu ileile. Kwa hiyo usisubiri siku ambayo utajisikia kwenda.

Kiasi gani? Utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha karibu watu 20,000 nchini Uingereza ulikuta kwamba waliokaa katika mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walieleza hali bora ya afya na ya nafsi kuliko wasiokaa kabisa, iwe waliingia mara moja au waligawa. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowaponya. Huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Lakini kama kipimo cha kuanzia si kibaya: dakika 20, siku sita.

Tumia njia ileile kila siku. Wengi hutafuta mandhari mpya, mimi nadhani wanajipunja. Njia ukishaijua miguu inakwenda yenyewe, na macho yanaanza kuona kilichobadilika: jana kikonyo hiki kilikuwa na jani. Chagua mti mmoja wa kusimama chini yake kila unapopita. Utauhitaji kwenye hatua ya nne.

Kama huwezi kutoka, kwa ugonjwa au kwa kazi, sogeza kiti dirishani. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao vitanda vyao vilitazama miti, nusu vilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema, kwa wastani chini ya siku nane dhidi ya karibu siku tisa, na walihitaji dozi chache zaidi za dawa kali za maumivu. Ni dirisha tu lile.

Hatua ya 3: Rudisha mchana na usiku mahali pake

Hii ni fupi kwa sababu unaijua, ila huifanyi. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliufungia gizani mmea wa jamii ya kifauongo, ule unaokunja majani ukiguswa na pia hukunja kila usiku. Ndani ya giza, bila jua, uliendelea kufungua majani mchana na kuyafunga usiku. Ulikuwa na saa yake ndani. Nasi tunayo, na waliofumbua namna inavyofanya kazi ndani ya seli, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Saa hiyo ya mwili inarekebishwa hasa na mwanga unaoingia machoni. Hivyo toka nje ndani ya saa moja baada ya kuamka, hata kukiwa na mawingu, maana mwanga wa nje siku ya mawingu bado unauzidi mbali wa taa ya sebuleni. Jioni punguza taa. Simu ilale nje ya chumba. Basi.

Hatua ya 4: Kabla ya kupukutisha, nyonya kilicho bora

Sasa nenda kwenye mti wako wakati unapopukutisha majani, iwe ni kwa kiangazi au kwa baridi. Watu husema mti "umeachilia", kana kwamba ulifungua mkono tu. Mti hauna uzembe huo. Kabla jani halijaanguka, mti unavunjavunja umbijani, ile rangi ya kijani, na kurudisha shinani na matawini naitrojeni, fosforasi na vingine vinavyofaa. Unjano unaouona ni rangi iliyokuwemo tangu mwanzo, sasa kijani kimeondoka na hakuna cha kuifunika. Kisha kwenye shina la kikonyo unajenga tabaka mbili: moja dhaifu, litakapokatikia jani, na nyuma yake nyingine ngumu ya kuziba kidonda. Ukilichuma jani bichi kwa nguvu, utomvu unatoka. Likianguka kwa wakati wake, kovu limekwisha kukauka.

Basi kabla hujaacha kazi, kikundi, tabia au urafiki, chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika: *ninarudisha nini?* Kulia: *kidonda nakizibaje?*

Niliwahi kuwa mweka hazina wa kikundi kwa miaka minne na kilinikausha. Mara mbili nilikaribia kutuma ujumbe wa hasira usiku na kujiondoa. Nilipokuja kufanya kwa karatasi, kushoto palikuwa na vitu nisivyovitegemea: nilijifunza kusoma mizania, nilijifunza kumwambia mtu mzima kwamba anadaiwa bila kumvunjia heshima, na kuna wanachama wawili ambao ningependa waendelee kuwa marafiki. Kulia: kukabidhi daftari la mahesabu kwa mkono, kumfundisha anayenifuata kwa mikutano miwili, kuwaaga wale wawili mmoja mmoja. Ilichukua wiki sita. Hakuna aliyeniuliza "kwa nini umetukimbia," na mpaka leo nikikutana nao barabarani sivuki upande wa pili.

Kama safu ya kushoto iko tupu kabisa, ama hujatazama vizuri, ama kitu hicho kilikuwa kinakudhuru tu. Ikiwa ni la pili, usingoje tabaka wala kikonyo. Ondoka.

Hatua ya 5: Unyoya mmoja, na mwenzake wa upande wa pili

Hapa ndipo tai wa kweli anapofaa kuliko yule wa hadithi. Ndege wengi wanapobadilisha manyoya ya mabawa, huyapukutisha kwa mpangilio, na kwa kawaida unyoya wa bawa la kulia huanguka karibu wakati mmoja na mwenzake wa kushoto. Ungeanguka upande mmoja tu, ndege angepinda angani. Pengo linakuwa dogo na la pande zote mbili, na kiumbe anaendelea kujitafutia.

Kwa hiyo chagua badiliko moja tu, kisha uulize mwenzake ni upi. Ukitaka kuamka mapema (bawa la kulia), kuna kitu cha usiku lazima kianguke (bawa la kushoto). Ukitaka kuandika kila siku dakika 30, dakika hizo zinatoka wapi, kwa jina? Januari ile yangu nilikuwa naongeza tu manyoya upande mmoja. Andika jozi yako kwa mstari mmoja: *Naamka saa kumi na moja, saa tatu na nusu usiku nazima runinga.* Usipoweza kutaja mwenzake, badiliko hilo halijaiva.

Jozi moja kwa wiki nne. Unyoya mkubwa wa bawa huchukua wiki kadhaa kuota, na wakati huo bomba lake limejaa damu inayoulisha, ukivunjika unavuja. Tabia changa ni hivyohivyo. Usiitangaze, usiiwekee dau na rafiki, usiijaribu kwenye wiki yenye msiba au safari. Bandu bandu huisha gogo, lakini watu husahau kwamba shoka nalo linahitaji kupumzishwa na kunolewa.

Hatua ya 6: Jicho likiingia ukungu, usiamue

Siku moja, katika rundo la mawe kando ya njia yangu, nilikuta ngozi ya nyoka. Nyepesi kuliko karatasi ya kufungia zawadi, imegeuka ndani nje kama soksi iliyovuliwa kwa haraka. Nilichosimama kukitazama ni kichwa: pale penye macho kulikuwa na vioo viwili vidogo, vizima. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba linaloonyesha ndani kama kioo, na hilo nalo hubadilishwa.

Siku kadhaa kabla ya kujivua, majimaji hujaa kati ya ngozi kuukuu na mpya, na macho yanakuwa meupe ya bluu. Haoni vizuri. Mara nyingi anakataa chakula, anajificha, na akisumbuliwa ni mkali kuliko kawaida. Kisha macho yanarudi kung'aa, na ndipo, baada ya siku chache, anaanza kusugua midomo yake kwenye kitu kigumu na kutoka.

Katikati ya badiliko lako kutakuwa na siku za namna hiyo, aghalabu wiki ya pili au ya tatu. Kila kitu kinakukera na kila uamuzi unaonekana ulikuwa kosa. Weka kanuni mapema, ukiwa bado unaona: katika siku hizo hujiuzulu, hutumi ujumbe mrefu, hununui kitu kikubwa, huachi jozi yako. Unalala, unatembea, unakunywa maji. Wafugaji wa nyoka wanajua pia kwamba ngozi ikigoma kutoka haivutwi kwa nguvu, kwa kuwa inaweza kuchana ile mpya. Wanaongeza unyevu na kusubiri.

Ukungu ukidumu wiki mbili au zaidi, usingizi umepotea au umezidi, hakuna kinachokupa furaha, au unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, hilo si la bilauri wala la miti. Muone daktari au mshauri wa afya ya akili. Ukiwa na wazo la kujidhuru, mwambie mtu leo, usingoje kesho.

Hatua ya 7: Ikiwa mabawa yote yameanguka kwa mpigo

Hatua zote hapo juu ni za mtu aliyechagua. Wengine hawakuchagua: kifo, talaka, kufukuzwa kazi, mtoto mchanga ndani ya nyumba. Kwao kusema "unyoya mmoja mmoja" ni dhihaka.

Tazama bata basi. Bata wengi, tofauti na tai, hupoteza manyoya yote ya mabawa kwa wakati mmoja, na kwa wiki tatu au nne hivi hawawezi kuruka kabisa. Hawajifanyi wanaweza. Huhamia penye maji na matete mazito, ambapo chakula kiko karibu. Yule dume wa mwituni mwenye kichwa cha kijani king'aavu huwa amevaa manyoya ya kahawia yaliyofifia kama ya jike, asionekane. Mapambo yote yanasubiri.

Kwa hiyo kwa wiki nne tafuta matete yako. Kazi ipungue mpaka ile isiyoweza kuachwa. Chakula kiwe chepesi kupatikana, na kama ndugu wanataka kusaidia, waambie kitu hasa: Jumatano mama mdogo anapika, Ijumaa binamu anawachukua watoto. Usikubali mwaliko unaohitaji kuvaa vizuri na kuchangamka. Bilauri na matembezi viendelee, hata kwa dakika tano.

Na waarifu watu, maana bata aliyejificha bila kusema hutafutwa. Mimi niliandika ujumbe mmoja na kuutuma kwa wote: "Mpaka mwisho wa mwezi ujao sitapokea simu, wala sitahudhuria vikao. Sijaudhika na mtu. Jambo la haraka, mpigie dada." Dada alipigiwa mara mbili tu.